Aliyepita Shule Yetu

Klabu yetu ilizaliwa na ubishi. Vijana waliosoma shule moja ya msingi hapa Pumwani walikutana kwenye harusi ya mwenzao, wakaanza kubishana: ni waliomaliza zamani au waliofuata waliokuwa na timu kali zaidi? Jumapili iliyofuata wakaenda uwanjani kuumaliza ubishi. Mpaka leo haujaisha.

Hayo niliyasoma katika daftari la katibu, fundi cherehani wa Majengo. Nahodha alikuwa ameniagiza niandike historia ya klabu, ukurasa mmoja tu, niusome mbele ya wote kabla ya mechi yetu na wauza mbuzi wa Kiamaiko. Alinichagua kwa sababu mimi ndiye huwasahihishia wenzangu tahajia kwenye kundi letu la wasapu. Mtu anaandika kwamba ana homa, mimi naona herufi iliyokosekana. Sijivunii.

Aya ya kwanza niliiandika mara kumi na moja. Kisha nikafika kwenye kanuni ya kwanza ya klabu: "Mwanachama ni mtu aliyepita shule yetu."

Mimi sikumaliza shule hiyo. Nilitoka darasa la sita, muhula wa pili, mama alipopata kazi Kakamega. Huko nilisoma kidogo nikaacha, na mengine nimejifunza mwenyewe katika vitabu vya mitumba. Niliporudi mtaani nikiwa mtu mzima, nahodha aliniuliza uwanjani, "Ulimaliza mwaka gani?" Nikamtajia mwaka waliomaliza wenzangu. Tangu hapo nimevaa jezi yao miaka minne, na Nairobi nzima sina marafiki wengine. Nikisema ukweli, huenda nikaivua jezi hiyo. Nikinyamaza, nitasimama kusoma historia huku mimi mwenyewe nikiwa kosa lililo ndani yake, na makosa siyavumilii.

Jumapili nilisimama nikasoma. Nilipofika kwenye ile kanuni, niliikunja karatasi.

"Mimi sikumaliza," nikasema. "Nilitoka darasa la sita."

Mbuzi waliyemleta wageni, zawadi ya mshindi, akalia mara moja.

"Basi hukupita," akasema katibu, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni.

"Hakupita nini?" akauliza mshambuliaji wetu, mbeba mizigo wa Gikomba. "Mtihani ama geti?"

"Mtihani. Kanuni niliandika mimi."

"Zii, hapana, fundi! Kama ni mtihani, hapa tunabaki na golikipa peke yake. Wewe mwenyewe hesabu ulinakili kwangu, na mimi nilianguka!"

"Na kama ni geti," akadakia mama anayetuuzia chai na mandazi, "mimi hupita hapo kila asubuhi. Jezi yangu iko wapi?"

"Unataka nambari ngapi, mathe?" akauliza mshambuliaji.

"Kumi. Na isinibane."

Watu walicheka, lakini nahodha hakucheka. Alikuwa akinitazama mimi.

"Darasa la sita si shida," akasema. "Shida ni ule mwaka ulionitajia. Nilikuweka na mbogi, kundi lile la mwaka huo, ukawa unaitikia hadithi zao zote za darasa la nane. Hata ile ya nyuki waliovamia darasa?"

"Hata ya nyuki. Samahani, kaka."

"Si ulisema uliumwa?"

"Nilisema shingoni."

"Ukatuonyesha na kovu!"

"Lilikuwa chunusi."

Hapo nahodha alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka akachuchumaa. Alipoinuka alimwambia katibu afute ile kanuni, aandike kwamba mwanachama ni mtu yeyote aliyesoma pale, hata siku moja.

"Hata siku moja?" katibu akang'aka. "Tutajaza uwanja!"

Walikubaliana kwamba ni mtu aliyewahi kuitwa jina kwenye rejista ya shule. Katibu akaandika akiwa ameweka daftari gotini. Nilijaribu kujizuia, nikashindwa.

"Fundi, 'aliyewahi' ni neno moja."

"Na huyu ndiye aliyeogopa tutamfukuza," akasema, lakini akalikata na kuliandika upya.

Nahodha akasoma kikosi. Wachezaji kumi na mmoja, na mimi simo. Nikamfuata kando ya mstari.

"Kaka, ni kwa sababu ya darasa la sita?"

"Ni kwa sababu ya mguu wako wa kushoto. Jumapili iliyopita ulitufungisha mabao mawili. Kaa hapo."

Nikakaa. Sijawahi kulifurahia benchi namna ile.