Siku Niliyojifanya Sikusikia

Udongo mwekundu ukinyeshewa kidogo kisha jua likatoka, hutoa harufu inayonirudisha moja kwa moja uwanjani. Katika miaka ya sabini shule yetu ya wasichana, karibu na Ikonge, ilikuwa na kiwanja kimoja cha tenisi katikati ya mashamba ya chai, nasi tulikichorea mistari kwa chokaa kila Jumapili. Surua iliniharibia sikio la kushoto kabisa nikiwa na miaka sita, na la kulia likabaki likisikia nusunusu. Darasani nilikuwa mtu wa kubahatisha. Mwalimu akisoma imla niliandika maneno yangu mwenyewe, na wenzangu walicheka mpaka wakachoka. Uwanjani hakuna aliyenicheka. Nilitazama bega la mwenzangu na namna alivyoshika raketi, nikajua mpira utaangukia wapi kabla hajaupiga.

Nilipofika miaka kumi na minne, mwalimu wetu wa michezo, Bi Nyaboke, alinipeleka mjini Kisii kwenye mashindano ya shule. Mshindi angekwenda Kisumu. Nilifika fainali, nikakutana na Kerubo, msichana mrefu na mpole kutoka Ekerenyo, aliyevaa viatu vya kuazima vilivyompwaya. Kabla hatujaanza, Bi Nyaboke alimweleza refa kwamba sisikii vizuri. Refa akatikisa kichwa kukubali, akapanda kitini, na nadhani akasahau papo hapo.

Tulichezana mpaka jua likawa utosini, na ikabaki pointi moja tu nishinde. Tukiwa bado tunarushiana, mpira wa kiwanja cha pili ulibingirika hadi miguuni pa Kerubo. Refa akasema kwa nguvu, "Simameni, mrudie." Upepo ulivuma kutoka kwake kuja upande wa sikio langu la kulia, na nilimsikia. Nilimsikia kuliko nilivyomsikia mtu yeyote wiki hiyo. Kerubo alikuwa ameinama kuuokota ule mpira wa wenyewe. Sijui niliamua saa ngapi. Niliupiga wetu kwenye pembe iliyoachwa wazi, kisha nikamgeukia refa nikigusa sikio, macho nimeyatoa kama mtu asiyejua kumetokea nini.

Bi Nyaboke alikuja mbio hadi kwenye kiti cha refa. Nilikuwa karibu, nikaisoma midomo yake. "Si nilikuambia mtoto hasikii?" alisema, karibu alie. "Sasa utamwadhibu kwa hilo?" Watu pembeni walikuwa wakitikisa vichwa kwa huruma. Refa aliona haya, akaninyooshea mkono kwamba pointi ni yangu. Mchezo ukaisha hivyo.

Kerubo hakubisha. Alikuja kwenye wavu, akasimama mbele yangu ili niuone mdomo wake, akaongea polepole, jinsi ambavyo hata ndugu zangu hawakuwahi kujisumbua kuongea nami. "Nisamehe," alisema. "Ningekuinulia mkono ujue tumesimamishwa. Nilisahau." Nikamjibu, "Si neno." Yaani mimi ndiye niliyemsamehe.

Sabato iliyofuata baba alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwa ajili ya bintiye, nami nikaangalia sakafu mpaka alipoketi. Kisumu nilitolewa raundi ya kwanza, na moyoni nilishukuru. Muhula uliofuata nilimwambia Bi Nyaboke goti linaniuma, nikaacha tenisi.

Siku hizi vijana viziwi wanashindana, na refa huwaonyesha kila uamuzi kwa mkono. Hawahitaji huruma ya mtu. Mimi nami nina mashine masikioni, nasikia hata mvua ikianza juu ya mabati. Mwaka jana, kwenye harusi ya jamaa huko Ekerenyo, mwanamke mrefu mwenye mvi alinishika mkono, akawaita wajukuu wake. "Njooni mwone," akawaambia. "Huyu ndiye aliyenishinda tenisi Kisii, na hata hasikii. Mimi niliyekuwa na masikio mawili nilimwacha atetewe na mwalimu wake tu, na mpaka leo nasikitika sikumwinulia mkono." Watoto walinitazama kwa heshima. Nilikuwa nimelisikia kila neno, tena vizuri. Mkono wake ulikuwa bado umeushika wangu, ukisubiri niseme kitu. Nikatabasamu, nikamuuliza ana wajukuu wangapi.