Vifuniko vya Mashine ya Mwepu

Nicodème Kabange alikuwa amekereza chuma kwa miaka ishirini na sita kabla mkewe Talitha hajatia mguu hata mara moja katika karakana alimofanya kazi. Siku alipofika, hakuja kumwona yeye.

Karakana hiyo iko Kamina, si mbali na reli, katika ua wa mzee Éliézer. Ina paa la mabati na kuta mbili tu. Pande mbili nyingine ziko wazi, kwa hiyo kiangazi chote vumbi jekundu huingia litakavyo. Watu wa Kaniama huleta mihimili ya mikokoteni iliyovunjika, wenye vinu huleta bushi zilizolika, zile pete za chuma ambamo mhimili huzunguka, na wavuvi wa Kinkondja huleta shafti za injini za mitumbwi. Kwa muda mrefu palikuwa na tour moja tu, ndiyo mashine ya kukereza chuma, na aliyeiendesha alikuwa Nicodème. Mteja akiingia uani alimwulizia yeye kwa jina, hata kabla hajamsalimu mwenye karakana.

Mwaka juzi Éliézer alinunua tour ya pili. Haikuwa mpya. Ilitoka Likasi, kwenye karakana iliyofungwa, lakini ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza, na zile reli zake mbili ndefu, ambazo chariot, kile kigari cha kisu, huteleza juu yake, zilikuwa bado laini kama kioo. Nicodème aliisafisha mwenyewe kwa mafuta ya taa, siku mbili, mpaka kwenye meno ya gia. Hakuna aliyemwambia kuwa ataiendesha yeye, ila hakuona nani mwingine angeiendesha.

Wiki iliyofuata Éliézer alikuja na mwanaume wa miaka thelathini na tano hivi, jina lake Mwepu, mzaliwa wa Kabondo-Dianda, aliyekuwa amefanya kazi migodini Kolwezi.

"Papa Nicodème," Éliézer alisema, "huyu njo Mwepu. Atatumika na ile mashini mupya. Weye utabakia na ya kwako, sababu muko munajuana."

"Haina neno, patron," Nicodème alijibu. Aliyenisimulia haya ni yeye mwenyewe, na alipofika hapa alisema kwamba hilo lilikuwa neno la kwanza la uongo katika habari yote.

Mwepu alikuwa mtu wa kazi. Siku ya pili tu alilalamika juu ya jiwe la kunolea lililokuwa karibu na mashine yake, kwa kuwa linarusha chembe kali, na chembe hizo zikichanganyika na mafuta zinakwangua reli na kula vis-mère, ile parafujo ndefu inayosukuma kigari. Kolwezi, alieleza, mashine kubwa zina vifuniko vinavyokunjika na kukunjuka kama kinanda cha accordéon, kigari kikienda navyo vinakwenda. Éliézer alisema jiwe halina mahali pengine pa kukaa. Kuagiza kifuniko ng'ambo ni ndoto. Basi kishonwe hapa hapa.

"Nani ataweza?" Mwepu aliuliza.

"Muke ya papa Nicodème. Anashonaka mifuko ya bâche, ya turubai, kwa bantu ya pikipiki. Haipasukake."

Nicodème alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwao, kipimo mkononi. Hakuna aliyegeuka kumwuliza.

Ndivyo Talitha alivyofika karakanani, Jumanne asubuhi, utepe wa kupimia shingoni na penseli kwenye kilemba. Alimsalimu mumewe, akaenda moja kwa moja kwenye mashine kubwa. Mwepu alimwonyesha kila kitu: hapa kigari kinafika mwisho, hapa pana joto, hapa kwenye mandrin, ile sehemu inayoshika chuma na kuzunguka nacho, kitambaa kisikaribie kabisa, maana kikinaswa kitavuta na mkono wa mtu. Talitha alipima na kuandika. Kisha akauliza kama kifuniko kisingeweza kushikwa kwa sumaku za spika zilizokufa, kwa kuwa nyumbani anazo nne.

"Mama Jérémy," Mwepu alisema, akimwita kwa jina la mwanawe, "ukiweka sumaku, chembe zote za Kamina zitakuja kufanya mukutano pale."

Talitha alicheka, kicheko kile cha kurudisha kichwa nyuma. Nicodème hakuwa amekisikia siku nyingi. Aligeukia kazi yake, akasukuma kisu ndani zaidi ya alivyotaka, na bushi ya kinu aliyokuwa akiikereza tangu asubuhi ikawa nyembamba, haifai tena. Aliitupa kwenye vyuma chakavu kabla mtu hajaiona.

Nyumbani Talitha alianza na karatasi. Alikunja magazeti kwenye meza ya chakula mpaka akapata mikunjo inayolala vizuri, kisha akakata bidoni za manjano, yale madumu ya mafuta, kuwa vibanzi vyembamba vya kutia ndani ya kila mkunjo ili usilegee. Jioni ya kwanza alimwuliza mumewe, "Papa Jérémy, ile vis-mère inazunguka mbio namna gani?"

"Uulize Mwepu."

Talitha hakumwuliza mumewe tena.

Kifuniko cha kwanza alikishona kwa mpira wa ndani wa gurudumu la lori. Kilipendeza macho, lakini baada ya wiki mbili mafuta yaliuingia ule mpira, ukavimba na kulegea kama mkate uliolowa chai. Nicodème aliona, akafurahi furaha ambayo hakutaka mtu aijue. Talitha hakukata tamaa. Alitafuta kipande cha turubai la lori, lile gumu lenye plastiki, akashona upya kwa mishono miwili miwili, akabana ncha zake kwa vipande vya bati na skrubu. Hicho kilikaa. Kigari kilipokwenda kushoto kilijikunja, kilipokwenda kulia kilijikunjua, bila sauti. Wateja wakaanza kusimama kukitazama. Éliézer alimwita Talitha fundi mbele ya watu, naye Mwepu kila asubuhi, akipangusa kifuniko chake kwa kitambaa, aliona la kusema. "Huyu mama iko na mikono," alikuwa akisema. "Hata Kolwezi sikuona bintu kama hii."

Talitha akawa anapita Jumamosi kukagua mishono. Nicodème hakushuku kwamba kuna jambo la aibu kati yake na Mwepu, alimjua mkewe. Kilichomla kilikuwa kingine. Alimsikia Talitha akitamka chariot, vis-mère, mandrin, maneno ya kazi yake yeye, na yote alifundishwa na mtu mwingine. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akirudi nyumbani, akinawa mikono, na akiulizwa habari za kazi alijibu kwamba kazi ni kazi. Sasa alimwonea wivu Mwepu kwa mashine, na zaidi kwa mazungumzo ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameyakataa. Na ile tour yake ya zamani ilikuwa wazi, imejaa vumbi. Hakuna aliyesema ishonewe kitu, naye hakutaka kuomba.

Siku moja mchana, Mwepu alikwenda kula. Éliézer alikuwa benki. Nicodème alichukua wembe, akainama upande wa jiwe la kunolea, akakata mshono wa chini wa kifuniko, urefu wa kiganja. Halafu akarudi kwenye mashine yake na kuiwasha. Aliniambia kwamba moyo wake ulitulia, na kwamba jambo hilo ndilo linalomtisha mpaka leo.

Siku ya tisa Mwepu alisikia mkwaruzo. Alifungua kifuniko, akakuta uji mweusi wa mafuta na chembe za jiwe, na chini yake, kwenye reli iliyokuwa kama kioo, mistari mitatu mirefu. Alikaa chini kwenye sakafu.

Éliézer alimwita Talitha. Wateja walikuwepo, wanne au watano.

"Mama," alisema, "nilikuaminia. Ona sasa. Kazi yako imefunguka, na mashini yangu imeharibika."

Talitha alipiga magoti, akaugeuza mshono, akautazama kwa muda mrefu, akiusogeza kwenye mwanga. Nicodème alimwona akipitisha kidole kwenye ncha za uzi. Kisha akasimama.

"Nitashona tena, patron," alisema. Alikivua kifuniko, akakikunja, akaondoka bila kumtazama mumewe.

Kabla ya juma kwisha mama mmoja wa kanisani alikuja nyumbani kuchukua kitambaa chake. Alikuwa amempa Talitha kazi ya nguo za harusi ya bintiye, za akina mama kumi na wawili. Alisema kwa upole tu kwamba familia imebadili mawazo. Nicodème alikuwa amekaa ukumbini, akasikia yote.

Mgeni alipoondoka Talitha alileta kifuniko, akakiweka kwenye magoti ya mumewe.

"Uzi ikichoka," alisema, "inakatika pole pole, na inaota manyoya kwa ncha. Angalia hii. Iko sawa sawa. Imekatwa na wembe."

Nicodème aligeuza ncha za uzi kwa kidole.

"Mwepu hawezi kukata kintu ya mashini yake. Patron hawezi. Minyi sikukata."

"Ulikuwa unacheka naye," Nicodème alisema hatimaye.

"Nilikuwa nacheka, ndiyo. Na weye nilikuuliza, ukanituma kwake." Alikaa kwenye kiti cha mashine yake ya kushona. "Ulikuwa na hasira ya Mwepu, ukakata kazi yangu. Sasa bantu banasema Mama Jérémy anashona na uzi ya kuoza. Sitakusemea kwa patron. Lakini sitakusaidia kunyamaza pia. Ni ya kwako."

Jumapili Talitha aliimba na kwaya kama kawaida, na katika nyimbo zote macho yake hayakufika kwenye benchi alilokaa mumewe. Jumatatu asubuhi Nicodème alifika karakanani kabla ya wengine. Éliézer na Mwepu walipoingia aliwaomba wakae.

"Ule mushono, muke yangu hakuukosa," alisema. "Minyi niliukata. Na wembe. Niliona wivu."

Éliézer alimtazama kama mtu asiyeisikia vizuri lugha anayosemeshwa. "Weye, papa? Ile mashini weye uliisafisha."

"Njo sababu."

Aliyejibu alikuwa Mwepu, na sauti yake haikuwa ya kusamehe.

"Bantu banaingia hapa banauliza Nicodème. Niko hapa karibu mwaka muzima, hata mumoja hayauliza Mwepu. Ningeweza kukata bintu yako kila siku, papa. Sikukata."

Nicodème hakuwahi kufikiri kwamba mtu mwenye mashine nzuri anaweza naye kulala na roho inayouma.

Éliézer hakumfukuza. Alimwondoa kwenye tour kwa wiki tatu, akampa jiwe laini la kusugulia na mafuta asugue ile reli kwa mkono mpaka mistari ile isishike ukucha. Mwepu, aliyekuwa hana mashine kwa sababu hiyo, ndiye aliyeendesha tour ya zamani, na wateja wa Nicodème wakazoea kumwita kwa jina. Éliézer alimwambia Nicodème pia jambo jingine: "Nilimusemea muke yako mbele ya bantu. Minyi nitaenda kumuomba musamaha. Weye uende kwa benye balisikia."

Nicodème alikwenda. Alipita kwa wateja wale mmoja mmoja, na mwisho akafika kwa yule mama wa kanisani. Alisimama uani kwake, kofia mkononi, akaeleza. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Asante kwa kusema, papa," alijibu. "Lakini ile kitambaa iko kwa mushonaji mwingine. Amesha kukata."

Kwa hiyo harusi ile ilipita, na Talitha alikaa kanisani akiziona nguo kumi na mbili zilizoshonwa na mikono mingine. Mikono ya nguo mbili ilikuwa imekaa vibaya.

Kifuniko cha Mwepu alikishona tena, nacho kiko mpaka leo. Nicodème alipomwomba, kwa mara ya kwanza, amshonee kifuniko cha tour ya zamani pia, Talitha alimpa sindano nene, uzi na turubai. Nicodème alishona mwenyewe, kwa wiki kadhaa, akiwa amekaa kwenye kigoda, mkewe akimwelekeza kwa maneno tu bila kugusa. Mishono inakwenda kama njia ya mbuzi. Mwepu alipokiona alikipapasa, akasema upande mmoja umekaribia mno mandrin, apunguze mkunjo mmoja. Nicodème akapunguza.

Nilimwuliza kama ule wivu umekwisha. Akanieleza kwamba mwezi uliopita mwenye kinu kimoja cha Kaniama aliagiza vifuniko viwili, na Mwepu akatangaza mbele ya wote kwamba fundi mkubwa wa karakana ile ni Mama Jérémy. Jioni hiyo Nicodème alimwambia mkewe, wakila.

"Leo tena roho iliniuma."

"Na weye ulisema nini?"

"Nilisema ni kweli."

"Ikaacha kuuma?"

"Hapana."

Talitha alimwongezea bukari, yaani ugali, kwenye sahani, akamwambia kwamba Alhamisi watapanda pikipiki pamoja kwenda Kaniama kupima kile kinu, na kwamba avae viatu vya kufunika, njia ni mbovu.