Kitanda Kilichowekwa Mpakani

Kila nisikiapo kamba za kitanda zikilia chini ya uzito wa mtu, moyo wangu hujaa uchungu. Nawaambieni bila kuona haya: uchungu huo si wa huzuni, ni wa hasira.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi, katika vilima vya Umatumbi, enzi za Waingereza. Asubuhi moja baba alikuwa akikata gogo shambani, shoka likateleza, likampasua mguu chini ya goti. Mjomba Saidi, kaka yake mama, aliambua gome la mti, akalisokota kamba, akaufunga mguu juu ya goti na kuikaza kwa kijiti mpaka damu ikakoma. Watu walimsifu. Kisha wanaume wanne wakamlaza baba kitandani, wakakiinua mabegani na kushika njia ya zahanati, mimi na mama tukifuata.

Njia ilikuwa ndefu, na desturi ilikuwa moja: kila kijiji hubeba mgonjwa mpaka mpakani, kijiji cha pili kikampokea. Mpaka wetu ulikuwa kijito. Ng'ambo walikuwapo wanaume wa kutosha, wamechuchumaa, wala hakuna aliyeinuka.

"Mbona hamji?" Mjomba alipaza sauti.

"Tuje wapi, bwana?" alijibu mzee mmoja wa ng'ambo. "Masika mlimtua binti yangu aliyeolewa kwenu hapo hapo, ana uchungu wa kuzaa, msingoje tumpokee, mkaenda zenu ngomani. Ombeni radhi kwanza."

"Tuwaombe radhi ninyi, wezi wa mihogo?"

"Basi mbebeni wenyewe. Mabega mnayo, adabu ndiyo hamna!"

Wenzake wakaangua kicheko. Watu wetu wangeweza kuendelea, lakini kuvuka na mzigo ule kungekuwa kukubali kushindwa. Kitanda kikawekwa chini. Matusi yakavuka maji, yakarudi, na jua likapanda.

Baba alifumba macho, meno yameumana, asitoe hata mguno. Niligusa vidole vyake.

"Mjomba, mguu wa baba umepoa."

"Mfunike shuka," alinikaripia, "na ukome kuingilia maneno ya wakubwa."

Nikaufunika.

Adhuhuri ilipoingia, mama alivuka maji, akapiga magoti mbele ya yule mzee.

"Shikamoo, baba. Tulikosa."

"Marahaba, mwanangu."

Papo hapo vijana wake wakavuka na kukinyanyua kitanda. Mjomba alimwambia mama kwamba amemvua nguo mbele ya watu.

Zahanatini, dresa, yule mhudumu wa kufunga vidonda, alifunua shuka, akaitazama kamba. "Imefungwa tangu saa ngapi?" aliuliza. Siku chache baadaye mguu ulikatwa katika hospitali ya mjini.

Nilikua nikiwachukia watu wa ng'ambo. Katika chuo cha uuguzi ndipo nilipofundishwa kwamba jeraha kama lile aghalabu hugandamizwa kwa kitambaa safi, na kwamba kiungo kilichonyimwa damu kwa saa nyingi hufa. Likizo ile nilimkuta Mjomba akiwasimulia wageni jinsi "wale" walivyomkata shemeji yake mguu. Nikamwambia hadharani kwamba kamba ilikuwa yake, na saa zile zote pia zilikuwa zake. Akainuka kunipiga.

Baba alimzuia kwa mkongojo. "Mwache," alisema. "Kamba ile iliniunguza kama moto. Nilitaka kusema ilegezwe, nikaona wale watanisikia nikilia."

Hasira niliyowawekea watu wa ng'ambo, kisha Mjomba, sasa imemfikia hata baba yangu. Sijapata moyo wa kumwambia.