Nusu ya Chini ya Historia ya Kaka

Mwaka 1967, nikiwa na miaka minane, baba alikufa, na baba zetu wadogo wakagawana kila kitu mpaka majembe. Shule nikaiacha darasa la pili. Nilibaki na kaka yangu tu, na huyo ndiye tuliyemzika kijijini Mpepai mwaka jana.

Kwetu, kabla jeneza halijashuka, husomwa historia fupi ya marehemu. Huiandika katekista, na ukizisikia kumi utadhani anakufa mtu yuleyule kila siku: alibatizwa, alikuwa mcheshi, alipenda watu. Kaka yangu hakupenda watu. Mjane wake akaniambia, "Shemeji, andika wewe. Wakimpaka sukari, mimi naondoka makaburini."

Wa darasa la pili niandike? Niandike, kwani kompyuta ninayo mimi, katekista hana. Ni ya mezani, ya mtumba, inakaa sebuleni na kitambaa alichofuma mke wangu. Siku ya mazishi nilikaa mbele yake tangu alfajiri, nikigonga kwa kidole kimoja. Juu niliweka mambo ya heshima: kuzaliwa, kipaimara, ndoa. Chini nikamweka kaka mwenyewe.

Nimefika mwisho, gari la kwenda Mpepai linapiga honi nje, kompyuta ikaganda. Kioo kikafifia kama kimepakwa unga. Binti yangu alishanieleza: hapo programu haijibu, na ukizima kabla ya kuhifadhi, kazi yote imekwenda. Sikuwa nimehifadhi hata mstari. Nikabonyeza kila kitu. Nikaipiga kofi. Nikaona kaka anazikwa na sukari ya katekista.

Akaingia jirani, dereva wa lori la makaa ya mawe la mgodi wa Ngaka.

"Shikamoo mzee. Zima, washa. Lori likigoma ndivyo tunavyofanya."

"Marahaba. Lori lako tulilisukuma juzi mpaka kiuno kikaniuma. Toa mkono kwenye swichi yangu."

Mke wangu alikuwa mlangoni, amejifunga kanga kiunoni. "Mzee, hayo maneno si yanasomeka hapo? Yapige picha, twende."

"Hiyo ni nusu ya chini. Ya juu imejificha, ukurasa haupandi."

"Basi ya juu utaisema kwa mdomo. Kuzaliwa kwa kaka yako nako kunataka umeme?"

Nikapiga picha kwa simu. Ndipo nikazima na kuwasha, na ukurasa ukarudi mweupe kama sijawahi kuugusa. Niliitukana kwa Kimatengo, Kiswahili hakina tusi la kutosha.

Makaburini nikasimama niseme hiyo nusu ya juu. Nikakohoa, nikatazama jeneza, hakuna kilichotoka. Katekista, ambaye siku zote ana haraka, akanipokonya simu, akavaa miwani, akasoma kilichokuwepo kwa sauti ileile ya somo la kwanza kanisani:

"'Akashuka ziwani kuvua usipa, dagaa wa huko, mtu wa milimani asiyejua kuogelea, akaopolewa kwa kuvutwa nywele. Kwaya ilimfukuza kwa kukishinda kinanda kwa kelele. Hakumsamehe kiumbe yeyote ila mbuzi wake.'"

Watu wakaanza kucheka, kwanza ndani ya kanga, kisha waziwazi. Katekista akaendelea.

"'Baba alipokufa tulilala na njaa. Kaka akaingia shamba la misheni...'" Akamtazama padri.

"Soma," padri akasema.

"'...akaiba mahindi, akanipa yote, akasema yeye ameshiba. Katekista wa wakati ule alimchapa mpaka fimbo ikavunjika, naye hakusema aliyekula ni nani. Mimi nipo kwa sababu ya mahindi yale.'"

Hapo hakucheka mtu. Halafu mjane akajifuta uso na kupaza sauti, "Ndiye huyo! Huyo ndiye mume wangu. Sasa mshusheni."

Tukamshusha.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, bati pande zote. Shamba la kahawa. Shamba la mahindi. Ng'ombe wawili, mmoja mkorofi. Pikipiki. Mke mmoja, ananitosha na kunizidi. Kompyuta, bado inaganda. Na picha ya kioo kwenye simu. Ile nusu ya juu sikuiandika tena, wala hakuna aliyeiulizia.