Mfuko wa Ndani ya Joho

"Shangazi, huu mfuko wa ndani ni wa kuweka nini?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa bado shule ya msingi, nimekaa chini ya meza yake ya kukatia nguo, nachezea kipande cha mahameli kilichobaki. Alikuwa amelipindua joho jeupe la Mkuu, bitana juu, na upande wa kushoto karibu na kwapa alikuwa anashona mfuko mwembamba, mrefu, uliotandikwa mahameli ndani kama kitanda cha kichanga.

Alikohoa. Akakohoa tena, kikohozi kikavu, kama mtu aliyemeza vumbi la chaki.

"Una mafua, Shangazi?"

"Sina."

"Sasa mbona unakohoa? Mfuko ni wa nini?"

"Ni wa kuwekea maswali ya watoto wasiojua kunyamaza. Nitungie uzi."

Nikatunga uzi. Kazi hiyo ilikuwa yangu kwa sababu yeye tundu la sindano alikuwa haoni tena. Nyumbani sote tulijua haoni, na sote tulikatazwa kusema.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Wazazi wao walipofariki, yeye ndiye aliyemlea baba kwa cherehani yake, na cherehani hiyo ndiyo iliyokuja kuwekwa kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, kile chenye dirisha la barabarani. Alikuwa fundi hasa. Mtu akipita tu nje, Shangazi anasema, "Yule bega lake la kulia limeshuka, koti lake likatwe kwa huruma." Mteja akimletea suruali iliyochakaa, humwuliza, "Hii umeleta niipunguze au umeleta tuizike?" Watu walikuwa wanacheka mpaka wanasahau kwamba nguo zao hazijawa tayari. Nataka mjue hilo kwanza, kwamba mtu ninayemweleza hapa hakuwa mjinga wala bubu. Alikuwa na mdomo kuliko wote ukooni.

Mdomo huo ulianza kufungwa alipoitwa kuwa mmoja wa Karibu.

Karibu ni watu waliomzunguka Mkuu, kiongozi wa kundi la sala ambalo nusu ya mtaa wetu ilikuwa ikilihudhuria. Walikuwa wachache: Katibu, mwanaume mwembamba mwenye simu sikioni muda wote, Dereva, Mpishi, na Shangazi. Aliingia kwa ajili ya mikono yake. Mkuu alikuwa hataki kupimwa na mtu, eti mwili wake hauwekewi futi, na Shangazi ndiye pekee aliyeweza kumtazama akitembea kisha akamkatia joho likamkaa. Mkuu aliponenepa, Shangazi alipanua mishono kimyakimya, na wote wa Karibu wakasema mwili wa Mkuu haubadiliki.

Nyuma ya ukumbi kulikuwa na chumba chao. Shangazi alinipeleka huko mara kadhaa kubeba majoho yaliyopigwa pasi, na huko ndiko nilikogundua asili ya kile kikohozi. Mkuu aliwafundisha kwamba swali ni mwiba, na anayempenda mwenzake humsaidia usimwingie. Namna ya kusaidia ni kukohoa. Mtu akianza tu "lakini" au "kwa nini" mbele ya Mkuu, wenzake wanakohoa mpaka anyamaze, kisha anawashukuru.

Siku moja nilimwona Dereva amesimama pale, kofia mkononi. "Mkuu, samahani, lakini ile gari breki zake..."

Chumba kizima kikakohoa. Katibu alikohoa, Mpishi akakohoa na sufuria mkononi, na shangazi yangu naye, na joho begani, akakohoa. Dereva akainamisha kichwa, akasema asanteni, akaenda kuwasha gari. Gari haina breki, watu wazima wanakohoa! Na jioni ile wote walipanda humohumo. Mimi nilikuwa mtoto, lakini hata mtoto anajua breki ni kitu gani.

Basi, macho. Shangazi alikuwa na miwani ya kushonea, na zaidi ya miwani alikuwa na dawa ya matone. Daktari wa macho alimwambia ana presha ya macho, kwamba matone hayo asiyakose hata mara moja, na kwamba ugonjwa huo ukichukua kitu haurudishi. Baba alibandika karatasi ya maelekezo ukutani kwa gundi ya shule yangu.

Kisha siku ya sala kubwa Mkuu akamwita mbele. Nilikuwepo, nimekaa na mama. Akamvua miwani taratibu, akaitazama kama anaionea huruma, akaiweka sakafuni na kuikanyaga. Akasema, "Mtu wa Karibu na Mkuu anavaa vioo vya nini? Fundi wangu ameona!" Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Katibu akapaza sauti, "Ameona!" na wote wakaitikia, "Ameona!" Kutoka pale mpaka nyumbani Shangazi alitembea ameshika mkono wangu, anauminya, kwenye kila ngazi anauminya. Alipofika alitupa chupa ya matone kwenye pipa.

Baba aliitoa. "Dada, hii ni dawa. Yule bwana si daktari."

"Kaka, nimeshaona."

"Umeona nini? Hapa nimenyoosha vidole vingapi?"

Shangazi akakohoa.

"Usinikoholee! Mimi si mmoja wenu!" Baba alipiga meza mpaka mkasi ukaanguka. Mama akamwambia, "Wifi, basi weka japo jicho moja dawa, jicho jingine liwe la Mkuu." Alikuwa anatania, lakini alikuwa analia. Shangazi hakuweka. Kitu pekee alichobaki nacho kilikuwa kasha la miwani, lile gumu la kahawia. Alilitia kwenye droo ya cherehani. Nilipotaka kuwekea vifungo humo alinikataza, akasema libaki tupu.

Baada ya hapo ndipo Katibu alipoleta agizo la joho jipya lenye mfuko wa ndani, na mimi nikauliza swali langu chini ya meza.

Halafu likaja la uzi. Mkuu alikuwa na sherehe ya kutimiza miaka kadhaa ya huduma, na joho lilitakiwa jeupe kuliko yote. Nilikuwa shuleni kwenye mitihani, sikuwepo kumchagulia uzi. Koni ya uzi mweupe na koni ya uzi mweusi, ukizishika, hazina tofauti yoyote. Shangazi alishona pindo lote la chini, mikono na kifua chote kwa uzi mweusi.

Katibu alikuja kulichukua. Mama alikuwa sebuleni, mlango wazi, aliona na kusikia kila kitu. Katibu alilipeleka dirishani, akaligeuza, akaligeuza tena.

"Liko sawa?" Shangazi aliuliza.

Katibu akakohoa. "Liko sawa, Fundi."

Angesemaje? Mkuu alishatangaza kwamba fundi anaona. Kumwambia fundi uzi ni mweusi ni kusema haoni, na kusema haoni ni kusema Mkuu alikosea. Kwa hiyo aliona afadhali dunia nzima imwone Mkuu na pindo lile. Na ilimwona. Alitoka mbele ya watu na joho jeupe lililozungukwa na mishono myeusi, imepinda hapa, imeruka pale, kama msafara wa siafu waliopotea njia. Nikafungua mdomo. Mama akaniziba kwa kiganja. Hakuna aliyecheka. Hakuna hata aliyekunja uso.

Wiki iliyofuata Katibu alikuja na shati lake jeupe. "Fundi, nipigie pindo kama la Mkuu." Dereva naye akaleta kanzu. Mpishi akaleta aproni. Walikuwa wameshakubaliana kwamba ile ni alama mpya. Shangazi alifurahi jamani! Alikuwa anaimba. "Umeona, mwanangu? Wamependa pindo langu."

Nilishindwa kuvumilia. "Shangazi, uzi ni mweusi."

Aliacha kuimba. "Uzi upi?"

"Uliokuwa kwenye joho la Mkuu. Wote. Kifuani na kila mahali."

Akashika pindo la shati la Katibu, akalisogeza karibu na jicho mpaka likagusa kope. "Katibu alilipeleka dirishani," alisema polepole.

"Ndiyo."

"Akaniambia liko sawa."

"Ndiyo, Shangazi. Na Mkuu mwenyewe, naye hakuona?"

Akakohoa. Lakini safari hii kikohozi kilikatika katikati, akabaki na mdomo wazi.

Nilifikiri sasa atasimama. Nilifikiri atalirusha lile shati barabarani na kusema maneno, maneno yake ya zamani yale, mtaa mzima usikie. Nilishasogea nimpishe. Badala yake alinyoosha mkono akasema, "Nipe huo mweusi. Wasije wakatofautiana na Mkuu." Akashona shati, akashona kanzu, akashona aproni. Nilimkasirikia nikakataa kumtungia uzi, akatunga mwenyewe kwa ulimi na vidole, akajichoma, akaendelea.

Miezi ilivyokwenda akaanza kugonga fremu za milango. Siku aliyokata joho akalikata pamoja na kitambaa cha meza, Katibu alikuja kuchukua vitambaa vya Mkuu vyote na kuvipeleka kwa fundi mwingine. Hakusema kwa nini, na Shangazi hakuuliza. Baada ya hapo hakuna mtu wa Karibu aliyekanyaga kwetu isipokuwa Dereva, aliyekuja mara moja na kusimama mlangoni.

"Fundi, nimekuja kukujulia hali."

Baba akatoka. "Karibu, bwana. Nikuulize tu kitu kimoja. Mkuu wenu anajua huyu dada yangu amekuwaje?"

Dereva akakohoa.

"Toka," baba alisema. "Toka na kikohozi chako." Na Dereva akatoka. Ninachokumbuka ni kwamba alikuwa amevaa ile kanzu yenye pindo jeusi, na ilikuwa imepigwa pasi vizuri.

Baba alimpeleka Shangazi hospitali kwa nguvu, amemshika kiuno kama mtoto. Daktari alikuwa yuleyule. Alimulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, akazima taa na kukaa. La kulia limekwisha. La kushoto limebaki na vivuli, na matone yatalinda vivuli hivyo tu. "Mama, kwa nini uliacha dawa?" aliuliza kwa upole, na shangazi yangu akamkoholea. Daktari wa watu akachukua kipimo akaanza kumsikiliza kifua! Baba alitoka nje akaegemea ukuta. Mimi nilitaka kupiga kelele kwamba kifua ni kizima, kwamba hicho si kikohozi, hicho ni kufuli, na tunamjua aliyeweka.

Sasa niko sekondari. Mkuu yupo, ukumbi wake umepanuliwa, na Karibu bado wanakohoa. Shangazi naye yupo, chumba kilekile, cherehani ileile. Anashona foronya kwa kupapasa, mishono yake imenyooka kuliko ya wengi, na anaweka matone asubuhi na jioni bila kukumbushwa. Utani umeanza kurudi kidogokidogo. Juzi mteja alilalamika foronya haina maua, akamjibu, "Ukilala si unafumba macho?"

Likizo hii nilikuwa napanga droo ya cherehani nikakuta kasha la kahawia. Nilimwekea mkononi. Alilitambua kabla vidole vyake havijalizunguka. Akalifungua, akalifunga, tak, akalifungua tena. Nikaona bora nimuulize.

"Shangazi, ule mfuko wa ndani ya joho la Mkuu. Ulikuwa wa kuweka nini?"

Nilisubiri akohoe. Hakukohoa. Alilipapasa kasha ndani, pale miwani inapolala.

"Wa miwani yake," alisema. "Katibu alinionyesha urefu kwa kunishikisha vidole vyake, akaniambia niweke kitu laini, kisikwaruze. Nikajua palepale. Nikaogopa usije ukaibana, ikawa shida kuitoa haraka watu wasipotazama. Kwa hiyo wewe ulipoondoka kwenda kucheza nilitoa hili kasha langu, nikaupima kwalo. Likaingia sawasawa, mwanangu. Nikafurahi."