Kicheko cha Mama Maryam

Sifa zote ni za Mola, aliyenisitiri miaka mingi ilhali mie sikuweza kumsitiri mwenzangu hata kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, aliyetuonya juu ya ulimi, nasi tukaitikia amina kisha tukaendelea kuropoka.

Msomaji mwenzangu, mie ni mzee sasa. Nina miwani ya kusomea na miwani mingine ya kuitafutia ile ya kwanza. Nilikosa. Nalisema mapema ili usije ukasoma ukidhani mbele nitajitetea. Nitajitetea kidogo, maana ni binaadamu, lakini usinisikilize.

Nilitoka Unguja baada ya mapinduzi, nikiwa na nguo nilizovaa na woga ambao haujanitoka hadi leo. Riziki ikanitupa Tailandi, mji wa Bangkok, katika duka la vitambaa la Mhindi mmoja Mwislamu. Nikapanga chumba kwa Mama Maryam (Maryam ni jina lake mwenyewe), mjane wa Kitai, Mwislamu, aliyekuwa akipika vitamtam vya nazi na kuviuza mtaani kwao kando ya mfereji. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Yusuf, kijana aliyekuwa akisoma chuo kikuu. Mama yule alinifulia nilipougua homa. Alinifundisha kuvua viatu mlangoni pa watu, kutomgusa mtu kichwani, kutomnyooshea mtu mguu, na kutopandisha sauti sokoni hata ukiibiwa.

Miaka ya sabiini Oman ikafungua milango na kuita watoto wake, nami, ambaye babu zangu walitoka huko, nikaja mji wa Ibra. Nikapata kazi katika ofisi ya maji, nikamwoa Bi Zuwena, ambaye wazee wake walitoka Pemba. Alhamdulillahi, sikukosa kitu isipokuwa heshima kwenye sabla.

Sabla ni ukumbi ambao wanaume wa mtaa hukutana, hunywa kahawa, hula tende, na huamua mambo ya watu. Mie nilikuwa nikikaa mlangoni penye viatu. Kiarabu changu nilikipata kwenye vitabu vya dini, kwa hivyo nikimuuliza mtu bei ya ng'ombe ilikuwa kama ninasoma khutba ya Ijumaa. Watu wakicheka mpaka ng'ombe anageuka kutazama.

"Msemesheni Zinjibari," wakiambizana, "tucheke kabla ya chakula."

Siku ya kwanza hata kahawa ilinishinda. Kwetu mgeni hakatai anachopewa. Kijana wa kahawa akanitilia, nikanywa. Akanitilia tena, nikanywa. Mie nikingoja achoke yeye, yeye akingoja nichoke mie. Moyo ulipoanza kwenda mbio kama punda aliyekatika kamba, mzee aliyekuwa ubavuni kwangu akaninong'oneza, "Tikisa kikombe, bwana, utakufa." Kumbe pale usipokitikisa kikombe, hujatosheka. Kila mtu alilijua hilo, na kila mtu alikuwa ameniangalia akinyamaza.

Basi jioni moja mkubwa wa sabla, nitamwita Sheikh Hamud, akanigeukia. "Wewe ulikaa kwa Watai. Serikali yao ikoje?"

Nikajibu bila ya kufikiri: "Kama shati, Sheikh. Ikianza kunuka, hubadilishwa."

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Na kwa mara ya kwanza hawakukicheka Kiarabu changu, waliwacheka Watai. Sheikh akapigapiga zulia karibu na mto wake: "Njoo, kaa hapa." Nikahama kutoka kwenye viatu mpaka kwenye mto, kwa maneno machache ya dhihaka. Hakuna usafiri rahisi kama huo.

Tangu hapo nikawa bingwa. Hawakuniita tena Zinjibari, wakaniita Tailandi. Nilisema Watai wanainamiana siku nzima kama wanaosali bila ya udhu. Nilisema hawajui hasira kwa kuwa hawajui heshima. Nilisema majenerali wao hupinduana asubuhi na mchana wakala wali pamoja. Ukweli ni kwamba nchi nzima ya Tailandi mie niliijua kuanzia dukani mpaka mferejini. Lakini Ibra nani angenipinga? Anayetoka mbali husema atakavyo, na wa karibu hupokea kwa kahawa.

Hadithi iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya mwanamke aliyecheka. Nilikuwa nikisimama kabisa, nikibana sauti kama ya mwanamke. Nikisema, Watai hawa, hata askari wakija na bunduki mlangoni, mama wa nyumba anacheka kwa nguvu na kuwalisha vitamtam. Hawana wanachokiona kizito.

"Na wewe ulikuwa wapi?" wakiniuliza.

"Nilisimama kando nikitazama, nikisikitika."

Sasa sikiliza yaliyokuwa kweli, maana hapa ndipo penye dhambi yangu.

Mwaka wa sabiini na tatu, nikiwa bado kwa Mama Maryam, wanafunzi wa Bangkok waliingia barabarani kudai katiba, kwa sababu walichoka kutawaliwa na majenerali. Askari wakawapiga risasi. Yusuf alikimbilia nyumbani na wenziwe wawili, wala hawakuwa Waislamu. Mama Maryam akawapandisha darini, nyuma ya magunia ya mchele. Askari wakaja. Yule mama akafungua mlango akicheka, akawauliza mama zao wako wapi hata wakaachwa wakonde hivi, akawatia vitamtam mikononi, akacheka tena kwa sauti kubwa zaidi. Alicheka kwa nguvu kwa sababu mbao za dari zilikuwa zikilia juu ya vichwa vyao. Walipoondoka alikaa sakafuni pale pale mlangoni mpaka wakati wa sala ukakaribia kumpita.

Na mie? Mie nilikuwa chini ya kitanda. Nilisikia viatu vya askari, nikaiona Unguja yote tena, nikaingia uvunguni kama kuku. Sikutoka mpaka Mama Maryam aliponiita nikale.

Hilo sikumwambia mtu Ibra. Ya Unguja sikuwa na kifua cha kuyasimulia, kwa hivyo nikachukua msiba wa watu wengine nikaugeuza mchezo.

Miaka ya thamanini ikaingia. Barabara ya kwenda Sur ikawa inatengenezwa, na kambi ya wafanyakazi ikawekwa nje ya mji. Ijumaa moja baada ya sala mtu akanishika bega. Alikuwa Yusuf. Nywele zilianza kumpungua, lakini macho yalikuwa ya mama yake. Baada ya machafuko yale, mama alimpeleka kusini akasome dini, kisha akafika mpaka Misri. Kiarabu chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Kambini alikuwa mtunza stoo.

Nikampeleka nyumbani. Bi Zuwena akampikia wali wa nazi, kijana akala huku machozi yanamtoka.

"Mama amefariki, kaka," akaniambia. "Akikutaja mpaka mwisho. Akiuliza kama ulipata mke."

Akawa anakuja kwetu kila Ijumaa. Alikuwa na sauti ya kusoma Kurani ambayo Mungu hampi kila mtu, na watoto wa mtaani wakaanza kumzunguka baada ya sala wakimtaka awasomeshe. Wakati huo mwalimu wa chuo cha Kurani cha mtaani, mzee wetu, alikuwa amekufa, na watoto wanazurura. Mkataba wa Yusuf wa barabarani ulikuwa unakwisha. Kwao hakubakiwa na mtu.

Akaniambia, "Kaka, wewe una nafasi kwa Sheikh. Niombee nisomeshe hapa. Sitaki mshahara mkubwa. Nataka pahali pa kukaa, basi."

Nikamwambia, "Umekwisha pata."

Baada ya laasiri nikaingia naye sabla. Hapa pana dhambi ndogo kabla ya ile kubwa. Kahawa ilipoanza kuzunguka, Yusuf hakujua habari ya kutikisa kikombe. Akanywa, akatiliwa, akanywa tena kwa adabu, jasho likimtoka mpaka shingoni. Nilikuwa nimekaa ubavuni kwake. Ningemnong'oneza kama nilivyonong'onezwa. Badala yake nilimkonyeza Sheikh, tukacheka tumboni.

Nikalileta ombi. Sheikh Hamud akalipokea vizuri tu. Lakini Bwana Salim, mfuga ng'ombe, akasema, "Subirini. Huyu si ndiye anatoka kwa wale wanaocheka askari wakija mlangoni? Hebu Tailandi, tusimulie ile."

"Ndiyo, simulia," akasema Sheikh, "kisha utupe rai yako. Hapa wewe ndiye unayewajua watu hawa."

Nilijua Yusuf anafahamu kila neno. Usije ukadhani nilisahau, au nilimdhania hajui Kiarabu. Nilijua. Nilikuwa na njia mbili. Niseme kwamba mwanamke wa hadithi ile ni mama wa kijana huyu, na kwamba alikuwa shujaa na mie nilikuwa uvunguni. Au nisimulie kama siku zote. Ya kwanza ingenirudisha kwenye viatu. Nikausikia ule mto wa Sheikh chini ya kiwiko changu, laini.

Nikasimulia.

Sikusimama siku ile, nilisimulia nimekaa, nikijidanganya kuwa huo ni upole. Lakini sauti niliibana, na kicheko nilikicheka. Ukumbi ukaanguka. Bwana Salim akawa anajifuta macho kwa kilemba.

Sheikh akamgeukia Yusuf, naye bado anatabasamu. "Kweli haya, mwanangu?"

Yusuf akanitazama kidogo. Kisha akasema kwa Kiarabu safi, "Huyu ni kaka yangu mkubwa, amekaa kwetu miaka. Alikuwepo."

Neno lake lilikuwa hilo tu. Angeweza kunimaliza mbele ya wazee wote, na wangemsadiki, kwa sababu mtu anayesema kweli husikika. Akanisitiri.

Kijana wa kahawa akaja kumtilia tena. Yusuf alikuwa amekwisha kuwaangalia watu. Akakitikisa kikombe, taratibu, kama aliyezaliwa Ibra, akakirudisha, akaaga.

Sheikh hakuwa mtu mbaya. Alisema tu, "Kijana ana adabu. Lakini chuoni pataka mtu mzito. Watoto wetu wenyewe wanachekacheka kupita kiasi." Wote wakakubali, na waliegemea ushahidi wangu. Akaletwa mwalimu mwengine, mzito kweli. Hakucheka hata siku moja, na watoto nao hawakusoma hata siku moja. Wakihitimu kuruka ukuta.

Yusuf alikuja kuniaga kabla ya kuondoka na lori la kambi. Aliviunganisha viganja mbele ya uso, akainama, kama kwao. 

Akasema, "Mama alijua kama ulikuwa chini ya kitanda. Akiniambia, usimcheke kaka yako, mtu aliyekwisha kuona nyumba yake ikivunjwa ana haki ya kujificha. Pale sabla nilikuwa nakungoja, kaka. Kila ulipovuta pumzi nikisema, sasa hivi atafika kwenye kitanda."

Sikumwona tena. Niliuliza Sur, nikauliza Nizwa, kila penye kambi. Watu wa barabara ni kama maji ya falaji, ile mifereji ya mashamba ya huku, ukiinama kuyatazama yamekwisha pita.

Bi Zuwena nilimsimulia usiku ule ule. Hakunigombeza. Alikuwa anakunja nguo, akasema, "Basi mume wangu, mto si umekwisha upata. Ulalie."

Nimeulalia miaka mingi, na ni mgumu.

Mwisho, miaka michache iliyopita, nikajikaza. Sheikh Hamud alikuwa kishazeeka, mie vilevile. Nikasimama katikati ya sabla nikasema, jamaa, hadithi zangu zote za Watai zilikuwa uongo. Nilikuwa nikikaa nchini kwao nisiwajue. Yule mwanamke alicheka ili kuokoa roho za watu, mwanawe ndiye yule Yusuf mliyemkataa, na mie wakati huo nilikuwa chini ya kitanda.

Kisha Bwana Salim akaanza, puu, akashindwa kujizuia. Ukumbi wote ukafuata. Sheikh akacheka mpaka akakohoa, akapigwa mgongo, akanyoosha kidole kwangu.

"Chini ya kitanda! Wallahi Tailandi, hii imezipita zote. Isimulie tena."

Niliapa. Wakazidi kucheka. Mtu akaitwa kutoka nje aje asikie. Nikaitazama midomo ile iliyofunguka, nikafahamu kwamba hiyo ndiyo hukumu yangu. Nilikuwa nimewafundisha mwenyewe, jioni baada ya jioni, jinsi ya kunisikiliza.

Nilikitikisa kikombe, nikakirudisha, nikatoka. Mlangoni nilitafuta viatu vyangu muda mrefu. Nilikuwa nimekwisha sahau pale vinapowekwa.

Wewe unayekaa ugenini, au uliyetoka ugenini ukarudi na mdomo uliojaa, nakuusia. Ukiulizwa watu wa huko wakoje, taja kwanza jina la aliyekupa chakula, na useme wewe ulikuwa wapi. Ukifika hapo, mengi ya kuchekesha yatakuwa yamekwisha. Na ukimwona mgeni ubavuni kwako anatiliwa kahawa naye hajui, mnong'oneze.

Mola akuhifadhi, wewe uliyesoma mpaka hapa, akusitiri kama Yusuf alivyonisitiri, na mlango wako ukibishwa siku ya shida, aufungue mtu mwenye moyo wa Mama Maryam. Amina.