Mashine ya Nukta Nundu Nyuma ya Duka la Prakash

Bosibori alikuja mjini Kisii kutoka Gesima mwaka wa 1979 akiwa na cheti cha kupiga taipu, rula ya mbao, na imani kwamba hakuna binadamu anayeandika ukurasa mzima bila kukosea. Imani hiyo ndiyo iliyomlisha. Kila alichokichapa alikilinganisha na nakala ya mwenye kazi, rula ikishuka mstari kwa mstari, mdomo ukinong'ona herufi. Wapiga taipu wenzake walimcheka, eti anasoma barua kama mtu anayetafuta chawa. Aliwaacha wacheke, na wateja wao mmoja mmoja wakahamia kwake.

Kufikia mwaka wa 1999 meza yake ilikuwa nyuma ya duka la Prakash, muuza madaftari na kalamu, na taipureta ilikuwa imeipisha kompyuta. Kompyuta ilikuwa ya Viral, mwana wa Prakash, mhandisi asiyeweza kuona kitu kinafanya kazi vizuri bila kukifungua. Humo ndani alikuwa ameweka Linux, mfumo unaotolewa bure na ambao kila mtu ana ruhusa ya kuurekebisha. Viral aliichukulia ruhusa hiyo kama amri.

Kando ya kompyuta ilikaa mashine ya kuchapa nukta nundu, maandishi ya vipofu yanayosomwa kwa vidole. Wageni waliitoa zawadi kwa kanisa moja la Waadventista huko Keumbu, na kanisa kwa kukosa umeme likaihifadhi kwa Bosibori. Ilikuwa mashine ya kizamani, inaongea na kompyuta kupitia tundu la siriali tu, lile la pini tisa. Na tundu hilo lilikaangwa na radi mwezi wa Aprili. Mtu wa Kisii hashangai akisikia hivyo. Huku ikifika saa tisa alasiri radi inaingia kazini kama karani, na kila mwenye akili anang'oa nyaya zake ukutani.

Mwanzoni mwa Desemba Viral akaleta dawa: waya ambao upande mmoja unaingia kwenye tundu jipya la bapa liitwalo USB, na upande wa pili una pini tisa za kizamani. Linux ya siku hizo ndiyo kwanza ilikuwa inajifunza kuzielewa nyaya za namna hiyo. Viral akaijenga upya wiki nzima, akaiwasha kwa diski ndogo, mashine ikagonga nukta, na mtu mzima akarukaruka dukani kama mtoto. Alhamisi akaenda Nairobi. Ijumaa asubuhi akapiga simu: diski ya kuwashia alikuwa ameondoka nayo mfukoni mwa shati.

"Kompyuta isizimwe mpaka nirudi Jumatatu," alisema. "Mkiizima, ikiwaka tena haitaujua huo waya."

Msomi hodari, lakini mifuko yake hajawahi kuisoma.

Na Ijumaa hiyo ndiyo siku ambayo Mwalimu Makori alikuja kuchukua kazi yake. Alifundisha shuleni Birongo miaka ishirini na minane, kisha presha ya macho ikampokonya nuru. Akiwa na umri wa miaka hamsini na minane alijifunza kusoma upya, kwa vidole, kuanzia herufi ya kwanza. Zamani ndiye aliyesoma Neno kanisani Keumbu. Alipopofuka walimtoa kwenye orodha, si kwa ubaya, ila kwa huruma, na huruma hiyo ilimuuma kuliko ubaya. Miaka mitano ameomba arudishwe. Sasa mzee wa kanisa, Nyasani, alikuwa amekubali: Sabato hii, sura moja, "na ukikwama, Ogoti atakumalizia." Ogoti ana sauti nzuri, na analijua hilo.

Sura hiyo Mwalimu hakuwa nayo kwa nukta. Ilikuwa lazima itoke kwenye mashine ile, tena kabla ya jua kuzama, kwa maana jua la Ijumaa likizama Bosibori hagusi kazi, hata umwekee dhahabu mezani.

Saa nane na nusu mashine ilianza kugonga. Mwalimu alikaa kwenye benchi ameinamisha kichwa, akisikiliza kila nukta. Saa tisa kamili mbingu ikanguruma. Mikono ya Bosibori haikungoja ushauri: ilichomoa plagi ya mashine, ikachomoa plagi ya kile kisanduku cha betri kinacholinda kompyuta, ikang'oa na ule waya wa Viral. Kompyuta ikabaki hai kwa betri, ikilialia. Mvua ilipotulia, baada ya dakika ishirini, alirudisha kila kitu mahali pake.

Mashine ikanyamaza kimya. Karatasi ilikuwa imetoka nusu.

"Imekufa?" akauliza Mwalimu.

"Yaya, hapana, Mwalimu. Imenuna tu," alisema Bosibori.

Prakash akaja kutoka mbele ya duka. "Mama, wewe zima, washa. Hata redio yangu iko hivyo. Zima, washa, naimba."

"Bwana Prakash, ukigusa hiyo swichi mimi nitakugusa wewe."

Alipiga simu Nairobi mara tatu. Ililia tu. Saa kumi ikagonga, na Mwalimu akasema kwa upole ule unaokata maini, "Bosibori, ikishindikana hakuna neno. Ogoti anasoma vizuri." Bosibori akaona uchungu na hasira kwa pamoja. Miaka mitano mtu anabisha hodi, halafu afungiwe mlango na mikono ya Bosibori mwenyewe iliyoogopa ngurumo!

Akachukua daftari lake. Wiki yote, kila Viral alichoandika na kila kompyuta ilichojibu, yeye alikuwa amekinakili. Kutoelewa maana hakujawahi kumzuia mpiga taipu kunakili. Aliiamuru kompyuta ionyeshe kumbukumbu zake kama alivyoona Viral akifanya, akaweka rula juu ya kioo, akaanza kulinganisha na daftari. Maneno yalikuwa yale yale, hadi mwisho wa mstari. Daftari lilisema waya umeunganishwa na ttyUSB0, ambayo Viral aliiita mlango namba sifuri. Kioo kilisema ttyUSB1.

Akakaa kitako. Basi haikuwa radi. Alipong'oa waya kazi ikiendelea, programu ya kuchapa iliendelea kuushikilia mlango namba sifuri. Waya uliporudi ulikuta mlango una mtu, ukapewa namba moja. Na mlango namba moja Viral hakuwahi kuutengeneza.

"Kumbe ni sisi na uoga wetu," alisema kwa sauti.

Akasimamisha programu. Akatafuta daftarini ule mstari ambao Viral alitengenezea mlango wa kwanza, akauandika upya, kila palipokuwa na sifuri ya namba akatia moja. Kidole kilisita. Akikosea, anaharibu kazi ya wiki nzima ya mtoto wa watu, na kuizima hawezi. "Mungu nisamehe, na Viral pia," akasema, akabonyeza. Kisha akaielekeza programu kwenye mlango mpya.

Mashine ikagonga. Prakash akapiga makofi hadi wateja wakachungulia.

"Niambie ilikatikia wapi," Bosibori alisema, akamwekea Mwalimu ile nusu karatasi mapajani. Kurasa hizo yeye hakuweza kuzisoma.

Vidole vikatembea. "Hapa, wachungaji wa kondoo walipoogopa. Endelea na mstari unaofuata."

Saa kumi na mbili kasoro robo Mwalimu alitoka na kurasa zake kifuani.

Kesho yake kanisani Bosibori alikaa benchi la tatu, moyo juu. Mwalimu alisoma taratibu, sauti ile ya darasani, na kanisa likatulia. Alipofika kwenye wachungaji, vidole vikasimama. Ogoti akakohoa, akainuka nusu. Vidole vilipapasa mahali karatasi ilipokatikia, vikahamia ukurasa wa pili, na Mwalimu akaendelea hadi neno la mwisho. Watu wakaitika amina kwa nguvu. Bosibori alikuwa analia na wala hakujificha.

Nyasani akaja kumshika kiwiko amrudishe kitini. Mwalimu hakusogea.

"Sabato ijayo anasoma nani?"

"Ni Ogoti, Mwalimu."

"Ogoti ana macho," alisema Mwalimu, na kipaza sauti cha betri kikayachukua maneno hadi mlangoni. "Macho hayaozi kwa wiki moja. Niandike mimi."

Kanisa zima likacheka, Ogoti akicheka kuliko wote, na Nyasani akatoa kalamu mfukoni.